Namna ya kutafiti michango ya shule pamoja na wazazi, bila kumuumiza mtoto

Nimefundisha shule za msingi za serikali huku milimani Usambara hadi kustaafu, na tangu hapo nafanya kazi na vikundi vya wazazi wanaotaka kujua yanayotokea shuleni kwa watoto wao. Swali ninaloletewa kuliko yote ni la michango: ada ilifutwa, mbona mtoto bado anarudishwa nyumbani? Nitaeleza tunavyolitafiti. Ukiweza hili utaweza pia la viboko, la vyoo na la twisheni, kwa kuwa hatari zake zinafanana.

Upande wangu niutaje mapema. Naamini mtoto hapaswi kukosa kipindi hata kimoja kwa sababu kwao hakuna debe la mahindi. Sifanyi utafiti ili kuamua kama jambo hilo ni baya. Hilo nimekwisha kuliamua. Ninachotafuta ni linatokea wapi, mara ngapi, kwa agizo la nani, na nini kingelizuia. Wapo wanaodhani mtu akishachukua upande amepewa ruhusa ya kulegea kwenye ushahidi. Mimi nawadai wenzangu wahesabu mara mbili kuliko mtafiti wa kawaida, kwa sababu msomi akikosea, makala yake itasahihishwa na maisha yataendelea. Ninyi mkikosea tarakimu moja, mama aliyewafungulia mlango ataitwa mchochezi, na yale mengine yote mliyosema kweli yatatupwa pamoja na lile moja.

Kazi ya namna hii ina mizizi hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Budd Hall alikuwa Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na humo ndimo wazo la utafiti shirikishi, yaani watu kutafiti wenyewe mambo yanayowagusa, lilipopata umbo. Paulo Freire, mwelimishaji wa Brazil, alipita Dar es Salaam mwaka 1971. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, na wenzake waliendesha mradi wa Jipemoyo upande wa magharibi wa Bagamoyo katika nusu ya pili ya muongo huo, wakitafiti pamoja na wanakijiji. Msomi Marjorie Mbilinyi ametumia miaka mingi kuandika na kupigania elimu ya wasichana na wanawake. Kwa hiyo mtu akikuambia wazazi wa kijijini hawawezi kutafiti, mjibu kwamba Tanzania imewahi kuufundisha ulimwengu kuwa wanaweza.

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote chochote, soma maandishi. Elimumsingi bila ada ilianza kutekelezwa mwaka 2016, na Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo ulieleza nani anabeba nini. Mzazi aliachiwa sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto, miongoni mwa mengine. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango katika shule za msingi na sekondari za umma, na baadaye ikafafanuliwa kwamba mzazi anayetaka kuchangia kwa hiari asizuiwe, ila mwalimu asiwe ndiye mkusanyaji. Kijijini haya yote yamechanganyika. Utakuta mzazi anaamini hata sare ni jukumu la serikali, na utakuta mwalimu anaamini agizo la kamati ya shule linatosha kumfukuza mtoto darasani. Usiposoma utamshtaki mtu kwa jambo halali, au utaliachia jambo haramu lipite.

Soma na hesabu ya fedha. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazotumwa shuleni huku 4,000 zikibaki ngazi za juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Chukua shule yenye wanafunzi 600. Inapata 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi, na humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kufuli lililovunjika na dirisha lililong'oka. Mlinzi na mpishi watalipwa na nini? Hesabu hii ifanyeni ubaoni, wazazi wote wakiwapo, kabla hamjaanza kukusanya malalamiko. Hasira za watu hubadilisha mwelekeo wakiiona, na maswali yao yanakuwa bora.

Sasa swali lenyewe. Kikao cha kwanza watu watasema tu "michango imezidi." Hilo ni lalamiko, halijawa swali. Livunjeni vipande: mchango upi, ulipangwa na nani, upo kwenye muhtasari wa mkutano gani, mtu akilipa anapewa stakabadhi au jina lake linawekewa alama kwenye daftari la mwalimu, na asiyelipa anafanywa nini. Hicho cha mwisho ndicho kiini cha kazi yote. Debe la mahindi lililokubaliwa na wazazi mkutanoni kwa ajili ya makande ya watoto ni jambo jema sana, mimi mwenyewe nimeona watoto wakiinuka kimasomo shule ilipoanza kupika. Adhabu kwa mtoto wa asiyekuwa nalo ndiyo dhuluma. Vitu hivi viwili visipotenganishwa tangu mwanzo, utafiti wenu utaishia kuua chakula cha shule, na watakaolala njaa ni wale wale mliotaka kuwatetea.

Halafu angalieni nani hayupo kwenye kikao. Bibi anayelea wajukuu wanne hayupo. Mama anayekwenda vibarua alfajiri hayupo. Baba mwenye ulemavu anayeishi kule bondeni hayupo. Hao ndio watoto wao wanarudishwa. Wafuateni shambani au jioni nyumbani, na swali lisifungwe mpaka nao wamelisikia na kuligeuza wanavyotaka. Mara nyingi wanaligeuza kweli. Kikundi kimoja kilitaka kupima fedha, lakini bibi mmoja akasema kinachomuuma ni kwamba mjukuu wake anaitwa jina lake mstarini mbele ya shule nzima. Tukaongeza kuhesabu kutajwa hadharani, na hilo ndilo lililokuja kuwagusa walimu wenyewe kuliko takwimu zote.

Katika timu msimweke anayejiandaa kugombea udiwani au uenyekiti, hata awe hodari kiasi gani. Mwekeni mjumbe mmoja wa kamati ya shule, ili kamati isisikie habari kwa jirani. Nusu au zaidi wawe wanawake, kwa kuwa katika nyumba nyingi za huku wao ndio wanaojua nini kimetoka ghalani kwenda shuleni.

Kuhusu kibali niseme kwa ufupi. Wazazi kujadili shule yao katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu, ni haki yao ya kila siku. Kuingia madarasani na daftari la maswali ni jambo jingine: pitieni kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kwa afisa elimu kata, na mpate barua ya mkurugenzi wa halmashauri. Mkiwa na chuo au mgeni kutoka nje, kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kinahitajika. Kwa nyaraka za umma ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andikeni ombi, mpate nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Takwimu, inayosimamia ukusanyaji na utangazaji wa takwimu, ilikazwa mwaka 2018 na kulegezwa tena 2019, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Someni zilivyo leo, na katika ripoti elezeni mbinu yenu waziwazi ili tarakimu zenu zionekane zimepatikanaje. Kibali chochote hakikupi idhini ya mtu. Barua ya mkurugenzi ukimwonyesha mama mlangoni, atajibu kwa woga, na jibu la woga halikusaidii kitu.

Kukusanya. Tunatumia vyanzo vitatu visivyotegemeana: karatasi, kaya na njia wanayopita watoto.

Karatasi ni ubao wa matangazo wa shule, mihtasari ya kamati, na stakabadhi kama zipo. Ingieni mapema, nakilini, andikeni tarehe.

Kaya zichagueni kwa utaratibu ambao hata adui yenu ataukubali. Uwezo, tathmini iliyoanza kupima watoto majumbani hapa nchini mwaka 2010 kwa kutumia watu wa kujitolea, ilikuwa ikichukua kaya 20 katika kila kijiji, na 20 ni idadi ambayo kikundi cha wazazi kinaweza kuimaliza bila kuchoka na kuanza kubuni majibu. Ombeni orodha kwa wenyeviti wa vitongoji, gawanyeni idadi ya kaya kwa 20, mruke kwa hatua hiyo hiyo hadi mwisho. Msichague nyumba zilizo karibu na barabara, wala nyumba za wanaolalamika sana. Kila kaya ipewe mifuko miwili ya kitambaa. Kila mchango unaotoka, mtu anatia harage katika mfuko wa kwanza. Kila siku mtoto anaporudishwa, anatia punje ya hindi katika wa pili. Asiyejua kuandika anashika kumbukumbu sawasawa na mwenye digrii, na mwisho wa mwezi hakuna anayebahatisha. Kiasi cha fedha mnauliza mnapopita kila wiki.

Njia ndiyo chanzo ambacho watafiti wa mjini hukisahau. Daftari la mahudhurio huitwa asubuhi. Mtoto anaitika, anawekewa alama ya kuwapo, kisha saa nne anarudishwa akalete mchango. Kwa serikali mtoto huyo alikuwa darasani siku nzima. Kwa hiyo mtu akae pale panapopita watoto wote, kwenye kibanda cha mandazi kwa mfano, ahesabu wanaorudi kabla ya muda, wavulana na wasichana, bila kumsimamisha yeyote na bila kuandika jina. Mwalimu mkuu aambiwe kwamba mtahesabu. Kuna wenzangu wanaokataa hapa. Wanasema akijua hatarudisha mtoto siku hizo. Nami nasema shule ikiweza kukaa wiki mbili bila kurudisha mtoto kwa sababu inatazamwa, mmepata ushahidi mkubwa kwamba kurudisha hakukuwa lazima. Utafiti wa kuvizia huwapa watu sababu ya kutoamini kijiji kwa miaka.

Watoto. Hapa naomba usome polepole.

Usiwakusanye waliorudishwa peke yao ili uwahoji. Ukifanya hivyo umewapanga tena mstari ule ule wa aibu, safari hii kwa jina la haki. Zungumza na darasa zima au usizungumze kabisa. Mzazi akubali, kisha mtoto naye akubali, na hapa kuna ugumu wetu wa malezi: mtoto wa huku amefundishwa kutomkatalia mtu mzima. Ukimuuliza "unakubali?" atasema ndiyo huku anatazama chini, na ndiyo hiyo haina uzito wowote. Kwa hiyo tunaweka shughuli nyingine pembeni, mpira na rede, na tunasema kila mtu aende anapopenda na anaweza kuhama muda wowote. Anayehama haulizwi. Wadogo tunasema nao Kisambaa. Hatuulizi "nani alikurudisha?" wala "kwenu hamna hela?" Tunawapa karatasi wachore siku yao tangu kuamka hadi kulala, halafu wanasimulia wanachotaka. Mengi yatatoka yenyewe: mahali anapojificha mtoto anayeogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, njia ya msituni anayopita msichana peke yake wenzake wakiwa darasani. Hilo la msituni likichorwa na zaidi ya mmoja, msisubiri ripoti, lipelekeni kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo kama hatari ya njiani, bila kusema limetoka kwa nani.

Usimwahidi mtoto kwamba chochote atakachosema kitabaki siri, kwa kuwa hutaweza kuitimiza ahadi hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa. Kabla ya siku ya kwanza, kila mwenye daftari ajue jina la afisa ustawi wa jamii wa eneo, ajue lilipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na awe na namba 116 ya kusaidia watoto. Ikitokea, mtu mmoja aliyechaguliwa ndiye anayeshughulika, na jambo halisimuliwi hata kwa wenzake wa timu.

Picha hatupigi. Mtoto amesimama nje ya geti na begi lake la sandarusi ni picha inayosambaa kwenye makundi ya simu ndani ya saa moja, na wafadhili huipenda. Lakini kijiji kizima kitajua ni mtoto wa nani, na atakuwa na picha hiyo mpaka aoe au aolewe. Nimeombwa picha za namna hiyo na watu wenye nia njema. Nimekataa, na wewe ukatae.

Walimu nao wahojiwe kwa heshima, mmoja mmoja, mbali na ofisi. Wengi wao wanachukia kumrudisha mtoto. Wanapokea agizo la mdomo kutoka juu, lisilo na barua, na anayelikaidi anafikiria uhamisho. Mkiandika, kumbukeni kwamba katika shule yenye walimu saba, kusema "mwalimu wa kike wa darasa la kwanza" ni sawa na kutaja jina. Andikeni "mwalimu mmoja," na kama hata hilo linamfichua, andikeni mlichojifunza bila kusema kimetoka wapi. Mwalimu akisema kitu kisha usiku akapiga simu kuomba kifutwe, kifutwe, msibishane naye.

Uchambuzi haufanyiki kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Tunatandika mkeka, tunamwaga mifuko, tunapanga mafungu kwa kitongoji, na wenye mifuko ndio wanaosoma. Kazi yangu hapo ni moja, kutafuta kinachotupinga. Hizo siku zilizohesabiwa kuwa za kurudishwa, ngapi zilikuwa za gulio, mtoto akibeba mboga? Ngapi za mvua, daraja limezama? Ziondoeni zote. Tukibaki na hesabu ndogo kuliko tulivyotarajia, tunakwenda na hiyo ndogo, kwa sababu haitaanguka mtu akiisukuma.

Kisha mrejesho, na mpangilio wake una maana. Wa kwanza kusikia ni kaya zilizotoa habari. Wa pili ni mwalimu mkuu, kabla ya mkutano wowote, ili aje amejiandaa kujibu. Kumshtukiza mtu mbele ya umati humfanya ajitetee, na shule haibadiliki kwa mtu anayejitetea. Halafu mkutano mkuu wa kijiji, halafu kamati ya maendeleo ya kata pamoja na diwani, halafu halmashauri. Magazeti na redio baadaye, iwapo wazazi wataamua.

Kaya zinaposikia kwanza, zitaomba mambo yaondolewe. Hapa lazima uwe na msimamo mapema, maana siku yenyewe ni nzito. Wetu ni huu: mtu ana haki ya kuondoa kinachomtambulisha yeye au mtoto wake, wakati wowote, bila kutoa sababu. Kitongoji kimoja kilikuwa na nyumba moja tu yenye yatima, nasi tuliunganisha vitongoji viwili kwenye ripoti ili nyumba hiyo isionekane. Lakini kikundi hakina haki ya kuondoa kinachokidhoofisha hoja yake. Mahali pengine tuligundua kwamba wasiotoa mchango wa chakula walikuwa pia baadhi ya wenye maduka, na kwamba watoto wa wajumbe wa kamati hawakuwahi kurudishwa hata walipodaiwa. Wazazi kadhaa walitaka liachwe, wakihofia litagawa watu. Tulikaa jioni ndefu. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, wewe utarudi kwako, sisi tutabaki na hawa." Alisema kweli, na sikumbishia. Tulichofanya ni kuliandika bila kitongoji na bila cheo: wapo wenye uwezo wasiotoa, na adhabu haiwapati wote sawa. Mkutanoni sentensi hiyo ndiyo iliyoleta uamuzi kwamba madai ya mchango yaende kwa mzazi kupitia mwenyekiti wa kitongoji, mtoto asiambiwe lolote.

Posho. Usimlipe mtu kwa jibu. Mlipe anayezunguka na daftari, nauli na chakula cha mchana, kiwango kimoja kwa wote, na kitangazwe. Kama kuna mfadhili, jina lake lisomwe siku ya kwanza, pamoja na kiasi alichotoa. Wazazi wanaodai ubao wa mapato na matumizi wa shule lazima wabandike na wa kwao.

Mwishowe madaftari. Asili yenye majina inakaa kwa mtu mmoja aliyechaguliwa na kaya, ndani ya sanduku lenye kufuli. Haiingii kwenye simu na haichukuliwi na chuo wala shirika. Muhula unaofuata ukiisha, kurasa za majina zinachomwa mbele ya mashahidi, na muhtasari usio na majina unabaki ofisi ya kijiji ambako yeyote anaweza kuuomba. Na mwaka unaofuata, rudieni kuhesabu njiani: kibanda kile kile, siku zile zile za wiki, miezi ile ile ya kabla ya mavuno, kwa kuwa hapo ndipo maghala huwa matupu na ndipo uamuzi wa mkutano unapojaribiwa.